Timu ya Kaunti Inafungwa: Kabla ya Kumtoa Beki, Fuata Mpira Ulikotoka

Kaunti ikipoteza mechi ya halingi, ule mchezo wa Ayalandi wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo, jina la kwanza kutajwa ni la namba 3, beki wa kati wa mstari wa mwisho. Bao limepita kwake, marudio ya televisheni yanamwonyesha akigeuka amechelewa, na hata kabla mashabiki hawajatoka uwanjani kila mmoja ana jina la beki wa klabu fulani anayestahili nafasi ile. Mchawi amepatikana. Mechi inayofuata beki mpya yuko namba 3, na mabao yanapita palepale.

Mwongozo huu ni kwa mtu aliye kwenye benchi la ufundi la kaunti, na kwa shabiki anayetaka kuelewa kwa nini meneja amefanya alichofanya. Msimamo wangu ni kwamba kabla ya kumtoa mtu, fuata mpira hadi ulikotoka. Nani aliupiga? Alikuwa na nafasi kiasi gani? Nani alipaswa kuwa karibu naye? Ukishajibu hayo, mara nyingi utakuta kosa liko mstari mmoja au miwili mbele ya yule anayelaumiwa. Jambo hili lina uzito wa pekee kwenye halingi, maana wachezaji ni wa ridhaa na kila mmoja anaingia timu ya kaunti kupitia klabu yake. Hakuna dirisha la usajili. Meneja hawezi kwenda sokoni kununua beki. Ana vijana walewale, na akimvunja moyo mmoja bila sababu, amejipunguzia kikosi.

Kwa msomaji mgeni: kila timu ina watu 15. Kipa, kisha namba 2, 3 na 4 kwenye mstari wa mwisho wa ulinzi, namba 5, 6 na 7 mbele yao, viungo wawili 8 na 9, halafu washambuliaji sita, 10 hadi 12 na 13 hadi 15. Mpira ukipita chini ya mwamba ni bao, lenye thamani ya pointi 3. Ukipita juu ya mwamba kati ya nguzo ni pointi 1. Matokeo huandikwa mabao kwanza, kwa hiyo 3-27 ni jumla ya 36. Mechi kubwa za kaunti ni dakika 70, kwenye uwanja wenye urefu wa mita 130 hadi 145, na mpira mmoja uliopigwa vizuri kwa fimbo unavuka zaidi ya nusu ya uwanja huo.

Mabao yanapita katikati ya ulinzi

Anza na namba 6, usianze na namba 3. Kazi ya namba 6 ni kulinda eneo lililo mbele ya mstari wa mwisho, na wapinzani wanalijua hilo vizuri. Wanamwambia namba 11 wao ashuke hadi katikati ya uwanja. Sasa namba 6 ana sekunde moja au mbili za kuamua. Akimfuata, anaacha uwazi mkubwa mbele ya lango lake. Akibaki, namba 11 anapokea mpira peke yake, anainua kichwa na kuupeleka anakotaka. Tuseme amefuata: mpira unapigwa kwenye ule uwazi, namba 14 anautokea kwa mbio, na namba 3 anakimbizana naye huku uso wake ukielekea lango lake mwenyewe. Hakuna beki anayependeza katika hali hiyo, hata awe hodari namna gani.

Kwa hiyo rudisha picha sekunde tano kabla ya bao, usimamishe, umtafute namba 6. Kama hayupo mahali pake, tatizo ni makubaliano: namba 11 akishuka, nani anamchukua? Mara nyingi jibu linalofaa ni kiungo kumpokea na namba 6 kubaki nyumbani. Hapo unahitaji kiungo anayekubali kukimbia sana bila mpira. Kama viungo wako wote wawili ni watu wa kupanda kutafuta pointi, basi umempata wa kubadilisha, na anacheza mbali kabisa na namba 3.

Kama namba 6 yupo mahali pake na bado mnafungwa, mwangalie aliyepiga pasi. Mchezaji wa kiwango cha kaunti aliye huru anaweza kuutua mpira kifuani mwa mwenzake kutoka mbali sana. Akibanwa anabutua tu, mpira unaelea, na mpira unaoelea ni chakula cha beki. Mabeki wengi wametolewa kikosini kwa dhambi za washambuliaji ambao hawakuwasumbua mabeki wa wapinzani walipokuwa na mpira.

Ipo tiba ya tatu, beki huru, yaani kumrudisha mtu mmoja wa ziada asimame mbele ya mstari wa mwisho bila kumkaba mtu maalumu. Mwaka 2025 Tipperary waliteswa na Cork mara mbili mwezi Aprili. Kwenye fainali ya ligi walifungwa 3-24 kwa 0-23, kisha kwenye michuano ya jimbo la Munster 4-27 kwa 0-24, ingawa katika hiyo ya pili walicheza pungufu tangu mwanzo kwa kadi nyekundu. Hayo ni mabao saba kwa mechi mbili. Cork wakaingia fainali ya Ayalandi nzima wakiwa wametoka kuichapa Dublin mabao saba kwenye nusu fainali. Meneja wa Tipperary, Liam Cahill, akamweka Bryan O'Mara kama beki huru. Hadi mapumziko Cork waliongoza 1-16 kwa 0-13, na ungeweza kudhani mpango umefeli. Hesabu upya, lakini: bao moja tu, mengine yote yalikuwa pointi. Njia ya mabao ilikuwa imezibwa, na pointi za mbali huja na kuondoka. Kipindi cha pili Cork walipata pointi mbili tu. Tipperary walishinda 3-27 kwa 1-18 na kulibeba kombe la Liam MacCarthy, la ubingwa wa Ayalandi nzima.

Beki huru ana bei yake, na wengi wanaomwomba meneja amtumie hawaisemi bei hiyo. Washambuliaji wako wanabaki watano dhidi ya mabeki sita, na beki mmoja wa wapinzani anapata uhuru uleule uliompa wa kwako. Waterford chini ya Derek McGrath walimtumia Tadhg de Búrca katika nafasi hiyo kwa ustadi mkubwa. Walitwaa ligi mwaka 2015 na kufika fainali ya 2017, wakafungwa na Galway 0-26 kwa 2-17. Ukiuchagua mfumo huu, hakikisha una viungo na mabeki wa pembeni wanaoweza kupiga pointi kutoka mbali, la sivyo hamtafungwa mengi na bado mtapoteza.

Mpigo wa kipa unapotea

Hapa ndipo mechi nyingi za kaunti zinapoamuliwa, na hapa ndipo pasipoangaliwa. Kila baada ya pointi, bao, au mpira wa mshambuliaji uliotoka nje, kipa anauanzisha upya kwa kuupiga. Chukua fainali ya 2024, ambayo Clare waliishinda Cork kwa tofauti ya pointi moja baada ya muda wa nyongeza, 3-29 kwa 1-34. Cork walipata bao moja na pointi 34, kwa hiyo kipa wa Clare alirudi kuuanzisha mpira karibu mara 35 kwa sababu hiyo pekee, kabla hujahesabu mipira iliyotoka nje. Ni nani mwingine uwanjani anayegawa mpira mara nyingi kiasi hicho bila kusumbuliwa? Hata hivyo tunamchagua kipa kwa jinsi anavyodaka.

Chukua karatasi na uchore uwanja. Kwa kila mpigo wa kipa wako andika mambo matatu: ulitua wapi, nani aliugusa kwanza, na nani aliondoka nao. Jambo la tatu ndilo kubwa, kwa sababu mpira wa juu ukigombewa na fimbo mbili mara nyingi unadondoka, na wenye njaa ya mpira wa pili ndio wanaotawala. Baada ya kipindi kimoja tu karatasi itaanza kusema.

Ikikuonyesha kwamba mguso wa kwanza unapotea, na unapotea mahali pamoja, basi umepanga jozi mbaya. Namba 10 wako mfupi anasimama chini ya beki mrefu, na kipa anaendelea kumtumia kwa mazoea. Mhamishe upande mwingine, au mwambie kipa ampigie mtu mwingine. Bado hujafika hatua ya kumtoa mtu.

Mguso wa kwanza ukiwa sawa kwa sawa lakini wa pili ukawa wa wapinzani, tazama miguu ya viungo wako wakati mpira uko hewani. Wakiwa wamesimama wima wakiangalia juu kama watazamaji, jibu umelipata. Mpira wa pili unataka mtu ambaye tayari anakimbia kabla haujadondoka. Hii ni kazi inayowafaa wachezaji wadogo wa umbo wenye macho makali, ambao wachaguzi wengi huwapita kwa sababu ya kimo.

Kama ni mipigo mifupi inayonaswa, wapinzani wamekusoma. Cork walitwaa ubingwa wa 2004 na 2005 kwa mchezo wa kukimbia na mpira, ulioanzia kwa mipigo mifupi ya kipa wao Donal Óg Cusack. Fainali ya 2006 Kilkenny walikuja wamejiandaa kuwabana tangu nyuma kabisa, na Cork wakafungwa 1-16 kwa 1-13. Mpigo mfupi ni silaha nzuri ikiwa kipa ana mpigo mrefu unaowatisha wanaombana. Akiwa na mmoja tu, wapinzani wanasogea mbele bila woga.

Limerick, waliotwaa kombe mwaka 2018 kisha mara nne mfululizo 2020 hadi 2023 chini ya John Kiely, walikuwa na yote mawili kupitia kipa Nickie Quaid. Watu walisifia maumbo ya Gearóid Hegarty na Tom Morrissey waliokuwa wakiipokea mipira ile, na ni kweli maumbo yalisaidia. Mimi nawasifia zaidi kwa mwendo wao kabla ya mpira kupigwa. Walishuka, wakavuta mabeki, wakaacha nafasi nyuma yao ambayo mtu mwingine aliikimbilia. Ukichukua vijana wawili warefu na kuwasimamisha mahali pamoja wakisubiri, umeiga Limerick kwa macho tu.

Usisahau upepo. Mpigo unaofika namba 11 kipindi cha kwanza unaweza kuishia kwa viungo kipindi cha pili. Timu inayoingia na mpango mmoja kwa vipindi vyote viwili haijapanga.

Mipira mingi inapigwa nje

Mashabiki husema washambuliaji hawana shabaha. Andika kila shuti lilipopigwa. Ukikuta mengi yanatoka mbali sana au pembeni kabisa karibu na mstari, shabaha haina kosa: watu wanapiga kwa sababu hawaoni pasi. Namba 13 na 15 wamejibana karibu na 14, eneo limejaa, na mwenye mpira anaona afadhali kujaribu. Watawanye. Mwachie mmoja eneo lote la mbele ya lango na wengine wawili watoke nje kabisa.

Ukikuta mashuti yanatoka mahali pazuri na bado yanakwenda nje, hapo ndipo neno shabaha linafaa, na tiba ni mazoezi ya kupiga ukiwa umechoka na unasukumwa.

Mpigaji wa faulo ni suala la peke yake. Faulo ni pointi ambazo kaunti haiwezi kuishi bila hizo, na mpigaji mahiri anaweza kuwa na siku mbaya katika mchezo wa kawaida huku bado akikupa nusu ya pointi zako. Kabla hujamtoa, mtaje atakayepiga faulo inayofuata. Kama jina halikujii haraka, mwache uwanjani.

Nyota wenu amezimwa

Njia rahisi ni kumhamisha. Cian Lynch alikuwa kiungo Limerick walipotwaa kombe 2018, kisha akawa namba 11. Kyle Hayes alienda kinyume: alikuwa mbele mwaka 2018, baadaye akarudishwa beki wa pembeni, na kutoka huko alikuwa akipanda na mpira kwa mbio ambazo hakuna mshambuliaji aliyezoea kuzifuata. Nahodha wao Declan Hannon alianza kama mshambuliaji kabla ya kutulia namba 6. Mtu anayekabwa mahali fulani huenda asikabike akitokea nyuma zaidi, akiwa anautazama mchezo mzima mbele yake.

Upande wa pili, nyota wa wapinzani akiwaumiza ninyi, hapa nakubali kwamba dawa inaweza kuwa mtu. Fainali ya 2014 Kilkenny na Tipperary walitoka sare, 3-22 kwa 1-28. Pointi 31 ni nyingi mno kuruhusu. Kwa marudiano meneja wa Kilkenny, Brian Cody, alimwingiza Kieran Joyce namba 6, amkabe Patrick Maher wa Tipperary aliyekuwa amewasumbua. Joyce alikuwa mchezaji bora wa mechi, na Kilkenny wakashinda 2-17 kwa 2-14. Cody alijua swali kabla ya kutafuta jibu: mabadiliko yale yalilenga mpinzani anayejulikana, mahali panapojulikana.

Mchezaji anatamba klabuni, akifika kaunti anapotea

Jiulize kwanza fomu yake ni ya lini. Tangu mwaka 2022 fainali ya kaunti inachezwa Julai na msimu wa klabu unafuata, kwa hiyo kikosi cha majira ya kuchipua kinachaguliwa kwa kumbukumbu za vuli iliyopita. Kijana wa miaka 20 anaweza kuwa mtu mwingine kabisa ndani ya miezi hiyo.

Kisha jiulize anapataje mipira klabuni. Mara nyingi yeye ndiye bora pale, kila mpira unapitia kwake, na anayemkaba ni fundi bomba mwenye moyo mkubwa ila miguu mizito. Kwenye kaunti mipira inampungua na muda wa kufikiri unampungua zaidi. Katika kumchagua, achana na idadi ya pointi alizofunga. Tazama mguso wake wa kwanza akiwa amebanwa: mpira unainuka na kuingia mkononi kwa tendo moja, au anaugonga mara mbili tatu kabla haujamtii? Mara mbili kwenye kaunti ni mara moja nyingi mno, fimbo ya mpinzani imeshafika.

Kuhusu chipukizi, watu hupenda kumtaja Shane O'Donnell, aliyekuwa na miaka 19 alipoanzishwa na meneja wa Clare, Davy Fitzgerald, kwenye marudiano ya fainali ya 2013, akafunga mabao matatu na Clare wakaishinda Cork 5-16 kwa 3-16. Mwaka mmoja kabla, Cody alimwanzisha Walter Walsh kwa mara ya kwanza kabisa kwenye marudiano ya fainali dhidi ya Galway, naye akafunga 1-3. Mifano hii ni mizuri ila itumieni kwa uangalifu. Zote mbili ni mechi za marudiano. Meneja alikuwa ameshaziona dakika 70 za mpinzani yuleyule, anajua mlango uko wapi, na kijana alipelekwa kwenye mlango huo. Kumtupa kinda kwenye mechi ya kwanza ya Munster, bila kujua atakabiliana na nani, ni jambo jingine.

Wapinzani wamepata kadi nyekundu, na bado mnapoteza

Hili hutokea kuliko unavyodhani. Kwenye nusu fainali ya 2025 Tipperary walimaliza pungufu na bado wakaiondoa Kilkenny, 4-20 kwa 0-30. Kosa la kawaida la wenye mtu wa ziada ni kumwacha beki awe huru nyuma, apokee mipira na kuipiga mirefu kwenye msongamano. Mtu huru awe yule mwenye pasi nzuri kuliko wote, hata kama hiyo inamaanisha kubadilishana nafasi, na asogee hadi katikati ya uwanja.

Mnaporomoka robo ya mwisho

Stamina hulaumiwa. Mara chache ni stamina peke yake, kwani siku hizi kila kaunti ya daraja la juu iko fiti. Tazama mambo mawili.

La kwanza ni ratiba. Michuano ya Munster ina timu tano, kila moja inacheza mechi nne ndani ya wiki chache, na tatu za juu ndizo zinazosonga. Meneja anayewatumia walewale 15 mechi zote nne atawakuta wamekwisha ifikapo Julai.

La pili ni benchi. Unaruhusiwa kuingiza watu watano kutoka kikosi cha siku cha 26. Ukiangalia benchi lako ukakuta washambuliaji watatu wanaofanana na walioanza, una akiba ya majeruhi tu. Fainali ya 2018 Limerick waliifunga Galway 3-16 kwa 2-18, tofauti ya pointi moja, na moja ya mabao yale lilifungwa na Shane Dowling aliyetokea benchi. Alikuwa na miguu safi mbele ya mabeki waliochoka, na alijua kazi aliyoitiwa.

Kwa hiyo chagua watano wa kuingia kwa uzito uleule uliochagulia 15 wa kuanza. Waambie Alhamisi, kila mmoja kwa jina: wewe utaingia dakika ya 50 au karibu na hapo, utacheza namba 12, mpigo wa kipa utakuja upande wako, beki utakayemkuta anapenda kugeukia kulia. Kisha dakika ya 50 ikifika, mwingize, hata kama mnaongoza.